Mgeni wa Siku ya Tatu

Bi Chausiku Mdoe hajui kukaa. Mkaribishe kiti, atakaa ukingoni tu kama kuku juu ya ua, na kabla chai haijapoa mikono yake imeshapata shughuli: anachambua mchele usio wake, anakusanya vijiti vya kuni, anamfuta kamasi mtoto asiyemjua jina. Msibani ndiye wa kwanza kufika jikoni. Harusini hajui bibi harusi alivaa nini, maana hakutoka nyuma ya nyumba kwenye masufuria. Watu wa Kwaluguru wanamtania kwamba siku yake ikifika atawapokonya jembe wachimba kaburi. Yeye hujibu kwamba atawapokonya kweli iwapo watachimba ovyo kama walivyomchimbia fulani, kisha anamtaja huyo fulani, na watani wake wananyamaza.

Sasa mwanamke huyohuyo, serikali ya nchi nyingine ilimwambia akae. Akakaa. Wapo wanaomsifu kwa uchapakazi, na si uongo, lakini wachapakazi Handeni hii wamejaa tele. Ukitaka kujua kwa nini watu wazima wanampisha njia, usitazame shamba lake. Tazama siku alizokaa bure kwenye mkeka wa mkwewe kule Taveta.

Alizaliwa Kwaluguru, akaolewa Ngombezi na Mustafa, mkata mkonge. Huko kambini, kwenye nyumba za mstari za vibarua, alijifunza kwamba kazi ni kitu chenye mipaka yake. Kazi ina nyapara anayeita majina alfajiri. Ina kipande, ile kadi ya kibarua inayowekwa alama jioni, na mwisho wa mwezi ina mshahara. Usipoitwa jina huna kazi siku hiyo, rudi ukalale. Kwao Kwaluguru mambo ni mengine kabisa. Ukiona wanawake wanapita na majembe asubuhi unachukua lako unaingia kwenye mstari, na mnakokwenda utakujua mkifika. Leo kwa huyu, kesho kwa yule, malipo ni uji na umbea. Basi kichwani mwa Bi Chausiku zikakaa sheria mbili ambazo hazikuwahi kugombana: penye kipande ni kazi, pasipo kipande ni ujirani. Mustafa alipofariki alirudi kwa baba yake na mtoto wao mmoja, Husna, akaishi kwa sheria ya pili miaka yote.

Husna alipokua akawa anauza machungwa Kabuku, pale magari ya barabara ya Segera na Chalinze yanaposimama. Miongoni mwa wanunuzi alikuwapo Mbwana, kijana wa Taveta, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, aliyekuja na lori kupakia machungwa akauze kwao. Msimu wa kwanza alinunua machungwa. Msimu wa pili akawa mchaguzi, chungwa moja analigeuza mpaka linapata joto la mkono. Msimu wa tatu akaleta wazee. Bi Chausiku aliuliza maswali mawili tu, kama kijana anaswali na kama anashika jembe, na alipojibiwa ndiyo kwa yote mawili hakuwa na neno tena.

Taabu ilianza Husna alipopata mimba ya kwanza. Kwao binti hazai mtoto wa kwanza mbali na mama yake. Anarudi nyumbani akazalie mikononi mwa mama, na akishindwa kusafiri, mama ndiye anayefunga safari. Husna alishindwa, hospitali ya kule ilimkataza mwendo mrefu. Kwa hiyo ilikuwa zamu ya mama. Bi Chausiku akaenda Kabuku kwa Paulo, mwenye duka la kutoa fotokopi, aliyewahi kumsaidia mtoto wa watu makaratasi ya kwenda kusoma Ulaya. Paulo ni mtu mzuri, alimweleza alichokijua: nchi ya nje ni viza, na viza ni taarifa za benki, barua ya mwaliko na mahojiano ubalozini. Bi Chausiku hana benki wala hajui ubalozi unafananaje. Akashukuru, akarudi Kwaluguru, akabaki na simu mkononi.

Mtoto alizaliwa amekwisha kufa. Husna alipopata nguvu ya kushika simu hakueleza mengi. Alisema, "Mama, ulikuwa wapi?"

Bi Chausiku alilibeba swali hilo hadi shambani. Alilima mwaka ule kama mtu anayegombana na ardhi. Majirani waliosema apumzike aliwatazama tu.

Siku moja msimu uliofuata alikuwa Korogwe sokoni kwa Ritha, Msambaa auzaye kabichi za Lushoto, mwanamke wa maneno mengi na mizani ya haki. Katika maneno yake mengi Ritha akagusia kwamba juzi alikuwa sokoni Taveta. Bi Chausiku akamuuliza viza aliipata wapi. Ritha akacheka mpaka akajishika kiuno. Viza gani? Mtanzania kwenda Kenya kutembea haombi viza, akasema. Unakuwa na pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, unapanga foleni, wanakuuliza unakwenda kwa nani, wanakugongea mhuri, unapita. Ukimaliza kusalimia watu wako unarudi zako.

Mtu mwingine angepiga kigelegele. Bi Chausiku alikaa juu ya gunia la kabichi, akakaa kweli, siyo ukingoni, akalia mbele ya soko zima. Mlango ulikuwa wazi siku zote zile, yeye amesimama nje anasubiri ufunguo. Ritha, ambaye hakujua amegusa kidonda gani, aliacha kucheka, akamletea maji, akaacha wateja wangoje.

Baada ya hapo hakusubiri mimba ijitokeze. Alikwenda Tanga kushughulikia pasipoti akaipata, akachanjwa, vyote viwili akavifunga katika kitambaa akaviweka ndani ya sanduku la kanga. Mwaka mwingine ukaingia. Husna alipopiga simu kwa sauti ya aibu kusema kwamba tarajio lipo tena, na kwamba anaogopa, mama yake alimwambia neno moja tu, nakuja. Ikifika miezi ya mwisho, atakuwa amefika.

Alipanda basi Kabuku. Lilipopita Ngombezi, mkonge umejipanga mistari hadi mguuni pa milima, alimsomea Mustafa Fatiha kimoyomoyo, maana amezikwa kule. Akashuka Himo, akachukua gari dogo hadi mpakani, kwenye jengo moja kubwa ambamo maofisa wa nchi zote mbili wamekaa dirisha kwa dirisha. Upande wa Kenya alimkuta ofisa anayeitwa Habakuki, mtu mzima mpole wa sauti, mwenye macho yanayosoma uso kabla ya karatasi. Akamuuliza amekuja kufanya nini. Bi Chausiku akasema kusalimia, mwanangu ni mjamzito.

Habakuki akagonga mhuri. "Karibu, mama. Umekaribishwa kutembea, si kufanya kazi. Tumeelewana?"

Walielewana, kwa upande wake. Alimwahidi kwa moyo mweupe, tena akaapa bila kuombwa kiapo, maana kazi aliyoifikiria yeye ni ile ya nyapara na kipande. Atakipata wapi kipande, bibi kizee kama yeye? Akapita mpaka na kikapu chake cha machungwa ya Kabuku kichwani.

Kwa Husna alipokewa kama malkia, na hapo ndipo shida ilipoanza kuchemka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine husema kwa utani. Kwa Bi Chausiku hiyo ni amri, na kwa mkwe ni amri mara mbili, maana mama kukaa kwa mume wa mwanawe akila na kunawa, akila na kunawa, ni aibu ya kutoboka macho. Siku ya kwanza alijizuia. Siku ya pili alifagia uwanja hata vumbi likaisha, akapanga kuni upya, akaoga, akakosa la kufanya. Husna akimwambia mama pumzika, Mbwana naye kwa heshima za ukwe anapita mbali ameinamisha kichwa, anatuma chai.

Siku ya tatu, kulipopambazuka, wakapita wanawake barabarani na majembe begani, wanaongea na kucheka. Ee, sasa hapo ungemzuia vipi? Alichukua jembe lililokuwa nyuma ya mlango wa jiko, akaingia kwenye mstari. Hakuna aliyemuuliza, hakuuliza mtu. Wakavuka mfereji, wakafika kwenye shamba kubwa la vitunguu, na yeye akashika upande wake akaanza kupandisha matuta. Hakuna nyapara aliyeita jina lake. Roho yake ikatulia kwa mara ya kwanza tangu ashuke basi. Aliyelima karibu naye alikuwa mwanamke wa kulekule aitwaye Glory, na kabla jua halijapanda walikuwa wameshajuana watoto wao wote na magonjwa yao.

Mchana akaja msimamizi na mfuko wa pesa, anagawa ujira. Alipomfikia Bi Chausiku akamnyooshea noti. Bi Chausiku akaitazama kama mtu aliyepewa kiatu cha mguu mmoja. Akaikataa, tena akawageukia wanawake wenzake akawagombeza: kwani ninyi kwenu jirani akiwalimia mnamlipa? Mnauza ujirani? Kesho njooni mlime kwa mkwe wangu, na mimi sitawalipa hata senti, nitawapikia. Wakacheka sana, wakadhani mama ana vichekesho. Glory peke yake hakucheka, alimtazama kwa muda.

Walikuwa hawajatawanyika gari la uhamiaji lilipokata kona. Kumbe mle shambani walikuwamo watu waliovuka mpaka kwa vichochoro kuja kutafuta vibarua. Lo! Majembe yalidondoka, sketi zikakunjwa, wakavuka mfereji kwa mruko mmoja wakatokomea migombani. Mmoja alimvuta Bi Chausiku mkono. Yeye akaunyofoa, akauliza akimbie nini. Akabaki katikati ya shamba, jembe mkononi, pasipoti imefungwa kiunoni ndani ya kanga.

Aliyeshuka kwenye gari alikuwa Habakuki. Alimtambua kwa mbali, akasimama kidogo, kama mtu anayetamani angekuwa hajamwona.

"Mama, si ulisema umekuja kusalimia?"

"Ndiyo, baba."

"Na hilo jembe?"

"Leo siku ya tatu," akasema Bi Chausiku.

Ofisa mwenzake aligeuka kando kuficha kicheko. Habakuki hakucheka. Alimweleza taratibu, kama anayemweleza mama yake, kwamba hili si shamba la jirani, ni la tajiri anayeuza vitunguu mjini. Wale wanawake ni vibarua, kila siku wanalipwa. Na mgeni aliyeingia kwa mhuri wa kutembea haruhusiwi kufanya kibarua bila kibali, awe ameitwa jina au hakuitwa. Bi Chausiku akasikia uso unamchoma. Si kwa kuogopa gari. Ni kwa sababu alikuwa amemwahidi mtu huyu, uso kwa uso, na ahadi ilikuwa imevunjika mikononi mwake bila yeye kusikia hata mlio.

Msimamizi, kwa kumwogopea bosi wake, akadakia upesi kwamba mama huyu hamjui, alikuwa mpita njia tu, jembe ameliokota sasa hivi. Ulikuwa uongo wa kumfaa kila mtu. Ungemwokoa msimamizi, ungemwokoa Bi Chausiku, na hata Habakuki ungempumzisha. Habakuki akamgeukia mama akamuuliza, umelima au hukulima?

Bi Chausiku akayatazama matuta. "Nimelima. Yale ya mwisho yaliyonyooka ni yangu. Yale yaliyopinda si yangu."

Jamani, huyo ndiye Chausiku. Anaweza kufukuzwa nchi, lakini tuta lake hatalikana, na la mwenzake lililopinda hatalipokea.

Habakuki akachukua pasipoti, akamwambia aende nyumbani, kesho asubuhi afike ofisini. Hakumficha kitu. Ruhusa yake ya kukaa inaweza kufutwa akarudishwa, na akirudishwa kwa kosa, kuingia tena kutakuwa na maneno. Na Husna siku zake zilikuwa zimekaribia kabisa.

Nyumbani Husna aliposikia alikaa kwenye ukingo wa kitanda akashika tumbo kwa mikono miwili. Hakumlaumu mama yake, na hilo liliuma kuliko lawama. Alisema tu kwamba atazaa peke yake tena. Mbwana, ambaye tangu mama mkwe afike hakuwa amemtazama usoni, siku hiyo alisahau heshima za ukwe akakaa naye jamvi moja. Alikuwa na shangazi ndani huko, mbali na barabara. Bi Chausiku aende akae kwake kimya, mtoto azaliwe, kisha watamvusha kwa njia za porini. Nusu ya mji wanapita huko, akasema, hakuna atakayejua. Pasipoti waiachie hukohuko.

Husna alimtazama mama yake kwa macho ya kuomba. Na hapa, msomaji, usidhani haikumvuta. Ilimvuta sana. Kisha akakumbuka gunia la kabichi la Ritha. Mara ya kwanza alimkosa mwanawe kwa kutojua kwamba mlango uko wazi. Leo anajua, na amepita mlangoni akakaribishwa kwa jina lake.

"Nikijificha nitakuwa nimeingia mara ya pili," akasema, "na safari hii bila hodi. Sitampokea mjukuu wangu nikiwa mwizi."

Husna akalia kwa sauti. Bi Chausiku akamshika kichwa akakiweka mapajani, akakaa naye hivyo mpaka usingizi ukamchukua.

Asubuhi alivaa kanga mpya aliyoileta kwa ajili ya mtoto, akaenda kwa miguu hadi ofisini. Habakuki alimkuta ameshafika, amekaa kwenye benchi, ukingoni. Inaelekea hakumtarajia. Wengi anaowaambia njoo kesho huwa haoni tena hata vumbi lao.

Alimwingiza ndani. Bi Chausiku hakungoja kuulizwa. Alimwambia kwamba alimwahidi na ahadi imevunjika. Hakujua, lakini kutojua kwake hakukuunga kilichovunjika. Amekuja kusikia hukumu. Akaweka mikono juu ya magoti. Habakuki akawa anaigeuza ile pasipoti mezani.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Glory wa shamba la vitunguu, ameacha kibarua cha siku ile, na viatu vina tope. Hakuitwa na mtu. Alisema amekuja kwa jambo moja, ofisa ajue kwamba huyu mama hakupokea ujira. Alipewa akakataa, tena akawagombeza wao waliopokea, kwamba wanauza ujirani. Glory akasema yeye amelima kwa pesa tangu utotoni na hakuwahi kuambiwa neno lile, na tangu jana limemkaa rohoni. Akaaga, akaondoka kabla hawajamwambia akae.

Ofisa alitazama mlango uliofungwa. Bi Chausiku akaona hapo ndipo pa kuuliza swali lililomkesha.

"Baba, nimeelewa kulima ni kazi. Na kumpokea mjukuu, hiyo nayo ni kazi au ni ugeni?"

Habakuki alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Hiyo haihitaji kibali, mama."

Akamrudishia pasipoti, mhuri wake vilevile, haujaguswa. Lakini alikuwa na masharti. Kwanza, atakaa. Atakaa kabisa: iwe kwa jirani au kwa mkwe, mpaka siku ya kurudi kwao asionekane na jembe hata kwenye bustani ya mchicha. La pili hakulisema kama ofisa. Alisema siku mtu wetu akija kwako Handeni na mhuri wa kutembea, naye umkalishe kama ninavyokukalisha. Bi Chausiku akasema amekubali yote mawili, na safari hii alijua anachokubali.

Hukumu gani hiyo, utasema, kuambiwa ukae ule ulale? Wewe hujamwona Bi Chausiku amekaa. Aliwekewa mkeka barazani, akakaa. Wanawake wakapita na majembe, akawasalimia, akakaa. Mbwana akaleta maji, akakata kuni, mama mkwe anatazama huku vidole vinafinyangana vyenyewe. Alisuka ukili wa mkeka mpaka Husna akamnyang'anya kwa wasiwasi kwamba nao usije ukahesabiwa kazi. Habakuki alikuwa akipita na pikipiki kwenda zake, na kila akipita Bi Chausiku alinyoosha mikono yote miwili mitupu hewani, na ofisa akapiga honi. Mji mzima ukaujua mchezo huo. Watoto nao wakaanza kuinua mikono pikipiki ikipita.

Uchungu ulimkamata Husna asubuhi moja wanakunywa uji. Hospitali waliruhusu mtu mmoja wa kumshika mkono, na mtu huyo alikuwapo. Mtoto wa kike alitoka, akanyamaza kidogo, ukimya ule ambao Husna aliujua na uliomfanya afumbe macho. Kisha akalia, kilio cha hasira, kilio kizuri kuliko vyote. Husna hakufumbua macho mpaka aliposikia sauti ya mama yake karibu na sikio, ikimwambia, nipo. Walimwita mtoto Maryamu. Kabla ya kuondoka Bi Chausiku aliomba apelekwe kwenye lile kaburi dogo la mtoto wa kwanza. Alikaa pale muda mrefu na hakung'oa hata jani, ingawa magugu yalikuwapo. Aliomba Glory, aliyewasindikiza, ayang'oe, naye akayang'oa.

Alirudi Kwaluguru ndani ya muda wake. Habakuki alimgongea mhuri wa kutoka, wakaagana kama ndugu.

Sasa msikie mwisho wake. Mvua za masika mwaka jana zilikuja kwa nguvu, na magugu nayo. Bi Chausiku mgongo umeanza kumsumbua, mahindi yamefunikwa, na katika wiki hiyohiyo Mbwana akaja na Husna na mtoto kusalimia ukweni, pasipoti yake ina mhuri wa kutembea aliogongewa mpakani Holili. Kwaluguru wote walijua kitakachofuata. Mkwe akija msimu wa palizi anapalilia, hiyo haina mjadala, na huyu ana mabega. Mbaruku, jirani wa karibu, mzee mwenye ulimi usio na mlango, alikuwa ameshatangaza kwamba mwaka huu Chausiku ameokoka.

Siku ya tatu Mbwana akaamka alfajiri, akatafuta jembe. Nyuma ya mlango hakuna. Jikoni hakuna. Bi Chausiku alikuwa ameyakusanya yote jana yake akayapeleka nyumba nyingine, amejibakizia moja, na hilo moja lilikuwa limeshatangulia naye shambani. Kijana akabaki uwanjani ameshika kiuno.

Mbaruku alipopita akaona mkwe amekaa kwenye kiti na mama mtu mzima ameinama peke yake kwenye magugu, alichemka. Alisimama njiani akasema yote: kwamba dunia imekwisha, kwamba mkwe anakula kama sultani, kwamba siku ya tatu ni siku ya tatu tangu enzi za mababu. Bi Chausiku hakuinua mgongo. Alimjibu kwamba huyu amegongewa kutembea, na yeye Chausiku ametoa neno kwa mtu, na hakupanda basi akaliacha neno lake Taveta. Mbaruku akaenda zake ananung'unika.

Hakwenda mbali. Baada ya muda kidogo akarudi na jembe lake, akashika mstari wa pembeni. Nyuma yake wakaja wanawake wa mtaa, mmojammoja, kila mtu na lake. Hakuna aliyeita jina la mtu.

Mbwana hakuweza kuvumilia. Alikuja ukingoni mwa shamba amembeba Maryamu, uso umemwiva kwa aibu, akamwambia mama mkwe kwamba hawezi, wallahi hawezi, ampe hata mstari mmoja. Bi Chausiku akanyoosha mgongo polepole, mkono kiunoni. Akamtazama kijana, akamtazama mjukuu anayetafuna pindo la shati la baba yake. Alijua vizuri sana anachokisikia, mpaka kwenye vidole.

"Mshike mtoto," akamwambia. "Hiyo haihitaji kibali."

Mbwana akakaa kwenye kisiki, ukingoni. Alinyanyuka tena, akakaa, akanyanyuka. Bi Chausiku, bila kuacha kulima, akamwonyesha kisiki kwa mpini wa jembe.

"Kaa, mkwe wangu. Hata mimi nilikaa."